Mifukoni mwa Wageni

Hunijia saa tatu asubuhi, begi mgongoni,
wakaniuliza cha kuona katika mji huu,
nami mikono imo povuni hadi viwikoni.
Naitwa Eufrosina, dobi wa kilo:
peso ishirini na tano, taulo hupimwa kavu.
Ramani sina. Nina mifuko yenu.

Kabla ya kuloweka, hukung'uta.
Ukidondoka mchanga mweupe,
laini kama unga uliochekechwa mara mbili,
huyo alikwenda kwenye kighuba cha chini ya jabali,
akashuka ngazi mia moja na sitini na kitu
akicheka, akazipanda kimya.
Nenda. Pale mawimbi ni ya darasa la kwanza.

Mchanga wa hudhurungi, uliojipenyeza hadi ndani ya pindo,
huo ni wa ufuko mrefu, penye bendera nyekundu.
Wimbi la kule halina masihara:
humkunja mtu kama ninavyokunja shuka,
ila halimnyooshi tena.
Kaa mchangani, utazame wanaolijua.
Jirani yangu Ulises hutengeneza mbao za kutelezea;
Jumatatu aliletewa kumi na moja,
kila moja vipande viwili,
na mwenye moja alikuja akichechemea,
akiuliza kama kesho itakuwa tayari.

Doa jeusi kifuani? Mchuzi wa mole, sokoni,
kwa Doña Hermelinda, meza ya tatu baada ya jibini.
Halitoki kwa jiki wala kwa dua.
Na hii miguu mfukoni, myembamba, yenye ndimu na pilipili,
ni ya panzi wa kukaanga:
mtu alinunua kwa ujasiri, akaficha kwa aibu.

Siku moja, katika kaptula ya Mreno mmoja,
nilikuta ganda la yai la kasa,
jepesi kama utando wa maziwa yaliyochemka.
Magharibi inapoingia hukupa kifaranga ndani ya kibuyu,
usikiguse, ukiinamishe tu, kijiendee.
Wanaingia mia. Wanaorudi
anawahesabu bahari mwenyewe, naye hasemi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Kodi ya chumba changu imepanda mara mbili.
Kupona bado nakungoja.

Kuna nguo nyingine huja hazina kitu.
Hakuna mchanga, hakuna doa, harufu ya matope kidogo.
Wenyewe husema: tulikuwa rasini, usiku,
maji yaliwaka tulipoyagusa.
Miaka kumi na tisa nimefua nguo zilizoogelea ndani ya nuru
nikazianika, nikazikunja, nikazipima,
wala siku moja sikuiona.

Julai, usiku usio na mwezi, Nayeli, mkewe Ulises,
alipiga honi mlangoni. Panda, alisema, usibadilishe nguo.
Nikapanda na aproni yangu.
Mtumbwi ulipofika katikati wakazima taa,
na vijana wote wakajitupa majini wakipiga mayowe,
kila mmoja amevaa cheche.

Mimi sijui kuogelea.
Nilifungua aproni, nikaitumbukiza,
na mikono, bila kuniuliza, ikaanza kusuuza:
huku, kule, sugua, geuza.
Maji yakawa buluu hadi kwenye vifundo.
Nikaiinua nikaikamua,
nuru ikadondoka, tone, tone,
Nayeli akashika mdomo.

Asubuhi ilikuwa aproni tu, inanuka matope.
Nimeianika pale, ya mwisho kwenye kamba. Hiyo.
Sijaifua.

Haya, weka begi kwenye mizani.
Rasi iko magharibi, gari la mwisho saa moja jioni,
na ukishafika, usipige picha, haishiki.
Kilo mbili na robo. Soksi moja haina mwenzake,
usije ukasema ni mimi.